Kutoka Tuta hadi Taa: Historia Fupi ya Maneno ya Kudhibiti Mwendo Barabarani

1. Utangulizi

Tangu Serikali ilipoagiza mwaka 1967 kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na hasa tangu mwaka 2021 ambapo sheria ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wetu wamekuwa wakikutana na nyaraka za kiufundi ambazo hapo zamani ziliachwa mikononi mwa wahandisi peke yao. Miongoni mwa nyaraka hizo ni zile zinazohusu barabara: michoro ya makutano, miongozo ya usalama, na taarifa za mipango ya miji. Makala haya yana shabaha ya kuchunguza sehemu moja tu ya uwanja huo, yaani maneno tunayoyatumia kueleza namna mwendo wa magari unavyodhibitiwa, kuanzia tuta la kijijini hadi mfululizo wa taa za mjini.

Jambo lililotusukuma kuandika ni dogo kwa sura, lakini si dogo kwa matokeo. Wahandisi wa barabara hueleza kwamba taa za makutano yanayofuatana zikipangwa vizuri kwa wakati, huweza kumfanya dereva aende kwa mwendo wa wastani bila kuamrishwa na mtu. Mfasiri asiyeifahamu kazi yenyewe anaweza kuziita taa hizo “taa zinazowaka kwa pamoja”. Sentensi itasomeka vizuri, na hakuna mhariri atakayeitilia shaka. Hata hivyo, taa zinazowaka kwa pamoja ni mpango mwingine kabisa, na matokeo yake juu ya mwendo wa dereva yanakaribia kuwa kinyume cha yale yaliyokusudiwa. Neno moja likikosewa, ushauri wa kupunguza mwendo hugeuka kuwa ushauri wa kuuongeza.

Ili hoja yetu isielee hewani, tutaanzia mahali ambapo msomaji hatarajii kukuta habari za taa: barabara ya Mtwara hadi Masasi, pale inapopita Ndanda chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Dereva wa njia hii hupunguziwa mwendo na matuta, vibao na askari, wala si na mfululizo wa taa. Lakini hapo ndipo panapoonekana wazi kwamba watu wa kawaida wamekwisha kutunga maneno mengi ya uwanja huu, na kwamba mwanaistilahi hana budi kuwasikiliza kabla ya kufungua kamusi.

2. Njia ya Masasi: kutoka mguu hadi gurudumu

Njia iendayo Masasi kutoka pwani ina nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye miaka sita kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu hadi Masasi, na hapo wakajenga makazi. Mwaka 1906 Wabenediktini nao walianzisha misheni ya Ndanda, ambayo baadaye ilijulikana kwa hospitali, shule na kiwanda chake cha uchapaji. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa katika nchi hii vilitoka katika mitambo ya Ndanda. Kwa hiyo, Kiswahili kilikuwa kikiandikwa na kuchapwa kando ya njia hii tangu wakati ambapo magari yalikuwa bado machache mno.

Katika enzi ya miguu, neno kuu la njia lilikuwa msafara. Msafara ulikuwa na mwendo wake, nao ulipangwa na aliye mzito kuliko wote, si na aliye mwepesi. Aliyetangulia mno alilazimika kuwangojea wenzake kisimani au kwenye kambi. Tunaomba msomaji aikumbuke hali hiyo, maana tutairudia tutakapofika kwenye taa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ukaja Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara pamoja na Reli ya Kusini iliyoelekea Nachingwea. Reli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mizigo ya kusini, ikiwemo korosho, ikabaki juu ya malori. Watumishi wa reli walikuwa na maneno yao ya ishara za njia, lakini reli ilipoondoka, maneno hayo hayakupata muda wa kuenea miongoni mwa wananchi wa sehemu hizi.

Tukio lililobadilisha zaidi uhusiano wa watu na barabara lilikuwa la makazi. Uhamishaji wa wananchi katika vijiji, uliofanyika kwa wingi kati ya mwaka 1973 na 1976, uliweka vijiji vingi kandokando ya barabara kuu ili huduma za shule, maji na zahanati ziweze kufika. Barabara iliyokuwa njia ya kupita ikawa pia uwanja wa kijiji: watoto wanaivuka kwenda shule, wanawake wanaivuka kwenda kisimani, na soko linapangwa pembezoni mwake. Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1973 ndio iliotungwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo imeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini mwendo halisi ulikuwa bado ukidhibitiwa na mashimo, mchanga na matope kuliko sheria.

Hali hiyo haikudumu. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na wasafiri wa kusini wakaachana na kivuko. Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma likafuata mwaka 2010, na katika muongo huohuo lami ikaunganisha Dar es Salaam na mikoa ya kusini. Mashimo yaliyokuwa yakimzuia dereva yakaondoka, ilhali kijiji kilibaki palepale. Hapo ndipo haja ya vidhibiti vya mwendo, na maneno ya kuvitaja, ilipokuwa kubwa.

3. Maneno yaliyozaliwa barabarani

Neno la kwanza la kutajwa ni tuta. Kwa mkulima, tuta ni udongo ulioinuliwa ili kupandia viazi na mazao mengine. Kinundu kinachojengwa kukata barabara kina umbo lilelile, na wananchi hawakungoja kamati yoyote: wakakiita tuta. Neno hili sasa linatumika Tanzania na Kenya, linaandikwa katika magazeti na kusomwa bungeni. Sifa yake kubwa ni kwamba halihitaji maelezo. Mtu aliyeshika jembe hulielewa tangu mara ya kwanza.

Hata hivyo, wepesi huo una upungufu wake. Kwa mhandisi, matuta si ya aina moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilibuni tuta la mviringo lenye urefu wa karibu meta 3.7 kwa kufuata njia, na kimo cha milimeta 100, ili gari liweze kulipanda bila kuumia endapo dereva anakwenda taratibu. Tuta fupi na la ghafla ni kitu kingine, na mistari myembamba inayotetemesha gari ili kumwonya dereva ni kitu cha tatu. Hii ya tatu wananchi wa Tanzania wameipa jina la rasta. Kwa hiyo lugha ya mitaani imekwisha kutenganisha kile kinachozuia na kile kinachoonya. Mfasiri anayeita vyote viwili “matuta” anafuta tofauti ambayo hata utingo wa basi anaijua.

Neno la pili ni tochi. Askari wa usalama barabarani walipoanza kutumia chombo cha mkononi cha kupimia mwendo, madereva walikiita tochi, kwa kuwa hushikwa na kuelekezwa kama tochi. Kutokana na jina hilo kukazaliwa msemo mzima: dereva “hupigwa tochi”, na wenzake humwonya kwa kumwashia taa za mbele. Ni dhahiri kwamba neno hili haliwezi kuingia katika sheria jinsi lilivyo, maana tochi ya kumulikia bado ipo. Katika maandishi rasmi “kipima mwendo” kinatosha. Lakini mwalimu anayefundisha usalama barabarani asione haya kulitaja neno la madereva pamoja na lile la sheria, ili wanafunzi wajue kwamba yote mawili yanataja kitu kimoja.

Neno la tatu ni kiplefti, linalopendwa sana na wanaisimu. Kwenye makutano ya mviringo kulikuwa na kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva abaki kushoto. Wasomaji wa kibao walidhani kwamba maneno yale ni jina la mahali, na kwa kuwa yalianza kwa sauti ya ki-, yakaingia katika ngeli ya ki-/vi-: kiplefti kimoja, viplefti viwili. Hapa amri imegeuka kuwa jina. Neno limeshika na lina afya, lakini linatufundisha kwamba maneno ya barabarani huzaliwa kutokana na kile kinachoonekana, si kutokana na kile kilichokusudiwa na mwenye mamlaka.

La nne ni mataa. Neno taa ni la ngeli ambayo umoja na wingi wake havibadiliki, lakini wakazi wa Dar es Salaam husema “kwenye mataa”, wakiwa na maana ya makutano yenye taa za kuongozea magari. Kiambishi ma- hapa kinakusanya: si taa moja moja, bali kundi la taa linalofanya mahali pawe mahali. Hata umeme ukikatika na taa zikazimika, konda ataendelea kutangaza kituo cha mataa. Tuna hapa neno fupi la makutano yanayoongozwa kwa taa, ambalo katika nyaraka zetu hueleza kwa maneno matano au sita.

4. Asili ya taa za kuongozea magari

Taa za barabarani ni mtoto wa reli. Mwaka 1868 mhandisi wa reli J. P. Knight aliweka karibu na Bunge la Uingereza mjini London nguzo yenye mikono ya ishara na taa za gesi nyekundu na kijani, zilizoendeshwa na askari. Mwanzoni mwa mwaka 1869 gesi ililipuka na kumjeruhi askari, na mpango ukaachwa. Taa za umeme zilizodumu zilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914.

Hatua ya kuunganisha makutano zaidi ya moja ilifuata upesi. Mwaka 1917 mji wa Salt Lake City uliunganisha makutano sita yaliyoendeshwa kutoka swichi moja. Katika mpango huo wa mwanzo taa zote zilibadilika kwa mpigo mmoja: zote kijani, kisha zote nyekundu. Ulikuwa mpango rahisi kujenga, na miji mingi ya Marekani iliufuata. Lakini baadaye ikagundulika kwamba ulikuwa na kasoro kubwa. Dereva aliyeona safu nzima ya taa za kijani mbele yake alielewa kwamba kila makutano atakayowahi kuyavuka kabla ya nyekundu ni faida yake. Mpango ulikuwa unamlipa aendaye mbio. Ndiyo sababu katika miaka ya 1920 wahandisi walianza kuzichelewesha taa kwa zamu, moja baada ya nyingine, ili kijani isonge mbele pamoja na magari.

Tangu hapo kazi ikawa ya hesabu. Mwaka 1958 F. V. Webster wa Uingereza alitoa njia ya kukokotoa urefu ufaao wa duru ya taa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mji wa Toronto, Kanada, ulianza kutumia kompyuta kuongoza taa zake, na mwishoni mwa miaka hiyo Dennis Robertson, katika maabara ya Uingereza tuliyoitaja, alitunga programu ya kupanga taa za mtandao mzima wa barabara. Mipango ya baadaye iliweza kuhesabu magari yanayopita na kurekebisha wakati papo hapo. Wajerumani waliita kijani inayosonga mbele kwa jina la “wimbi la kijani”, na lugha nyingi zimelitafsiri jina hilo. Mjini Copenhagen, Denmaki, mpango huohuo umewekwa kwa ajili ya waendesha baiskeli katika barabara ya Nørrebrogade, ambapo aendaye kilometa 20 kwa saa hukuta kijani njia nzima.

5. Namna mpangilio unavyoongoza mwendo

Ili kuchagua maneno yafaayo, hatuna budi kuielewa kazi yenyewe. Chukua makutano mawili yenye umbali wa meta 400 kati yake. Taa ya kwanza inawaka kijani, na ya pili inawaka kijani sekunde 36 baadaye. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa husafiri meta 11.1 kwa sekunde, na litafika taa ya pili baada ya sekunde 36 barabara. Litakuta kijani na kupita. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa litafika baada ya sekunde 24, na litasimama sekunde 12. Linalokwenda kilometa 80 kwa saa litafika baada ya sekunde 18, na litasimama sekunde 18. Mwisho wa yote, magari yote matatu yanaondoka kwenye taa ya pili kwa wakati mmoja. Aliyekimbia amechoma mafuta na breki bure.

Dereva akirudia njia hiyo siku kwa siku, hufundishwa na taa zenyewe. Hakuna askari wala faini, bali kila akikimbia husimama, na kila akienda kwa mwendo uliopangwa hupita. Huo ndio ushawishi wa mpangilio wa taa juu ya mwendo, na hapo ndipo unapofanana na msafara wa Masasi: aliyetangulia mno huwangojea wenzake kambini.

Lakini ushawishi huo una masharti. La kwanza ni kwamba mwendo uliopangwa uwe ndani ya kikomo cha sheria. Taa zikipangwa kwa kilometa 70 kwa saa mahali penye kikomo cha 50, zitamfundisha dereva kuvunja sheria. La pili ni umbali. Katika barabara ya njia moja, umbali wowote huweza kupangiwa wakati wake. Katika barabara ya njia mbili, kijani lazima isonge pande zote mbili, na hilo hufaulu vizuri pale tu umbali unapokubaliana na duru. Katika mfano wetu duru ikiwa ya sekunde 72, nusu yake ni sekunde 36, na umbali wa meta 400 unawafaa waendao na warudio kwa kilometa 40 kwa saa. Makutano yakiwa meta 250, hesabu inavunjika kwa upande mmoja. La tatu ni msongamano. Magari yakijaa hadi kufunga makutano ya nyuma, hakuna mpangilio utakaosaidia. La nne ni kwamba magari hutawanyika kadiri yanavyosonga mbele, hata umbali ukiwa mkubwa sana mpangilio hupoteza nguvu. La tano, ambalo wakazi wa miji yetu wanalifahamu vyema, ni mkono wa askari. Askari akiongoza magari kwa mkono katika makutano mamoja ya mfululizo, huenda akayasaidia makutano hayo, lakini mnyororo wa wakati unakatika kwa makutano yote yanayofuata.

Aidha, hapana budi kusema wazi kwamba taa huweza pia kuamsha papara. Dereva aonaye kwa mbali kijani inayokaribia kuisha huongeza mwendo ili aiwahi. Mpangilio mzuri hupunguza kishawishi hicho, lakini hauuondoi.

Tuta nalo hufanya kazi kwa njia nyingine. Hukata mwendo mahali lilipo, na baada ya hapo dereva hukanyaga mafuta tena hadi tuta lifuatalo. Humsumbua mwenye lori la korosho na mwenye gari la wagonjwa liendalo hospitali kwa kiasi kilekile. Kwa upande mwingine, tuta halihitaji umeme wala fundi wa kompyuta, na hufanya kazi usiku wa manane hata pasipokuwa na askari. Kwa kijiji kilicho kando ya barabara kuu, chenye makutano machache, tuta na rasta vina sababu ya kuwepo. Mfululizo wa taa ni chombo cha mji wenye makutano yanayokaribiana. Mfasiri asiyaandike haya mawili kana kwamba moja ni ustaarabu na lingine ni ushamba. Kila kimoja kina mahali pake.

6. Uchaguzi wa istilahi

Sasa tunaweza kuyapima maneno yanayowania nafasi. Kwanza, “taa zinazowaka kwa pamoja” na “taa za wakati mmoja” yahifadhiwe kwa ajili ya mpango wa zamani wa Salt Lake City pekee, kwa sababu yanaueleza barabara. “Taa zilizosawazishwa” nalo halifai, maana kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa, na msomaji ataelewa ama usawa wa wakati ama usawa wa kimo cha nguzo.

Pili, “taa zilizoratibiwa” ni neno zuri la jumla. Watumishi wa serikali wamelizoea kutokana na uratibu wa miradi, na linaweza kubeba mipango yote miwili, ya pamoja na ya zamu. Lakini kwa sababu linabeba yote, halitoshi pale mwandishi anapotaka kutaja mpango wa zamu tu.

Tatu, “wimbi la kijani” linavutia, na mtu wa pwani ataliona akilini. Ila linataja kinachoonekana na mtazamaji aliye juu, si kinachotendwa na taa. Tena halizai maneno mengine kwa urahisi: hatuwezi kupata kitenzi cha kumwambia fundi afanye nini.

Nne, tunapendekeza neno ambalo kila mwanafunzi amelisikia uwanjani: kupokezana. Katika mbio za kupokezana vijiti, wakimbiaji hawakimbii kwa pamoja. Kila mmoja huanza pale mwenzake anapomfikia. Hivyo ndivyo taa zinavyofanya: taa ya kwanza huyaachia magari, na ya pili huyapokea kwa kijani. Kwa hiyo tungekuwa na “taa za kupokezana” kwa mpango wa zamu, “mpokezano wa taa” kwa utaratibu wenyewe, na “mwendo wa mpokezano” kwa ule mwendo ambao dereva akiufuata hatasimamishwa. Maneno haya yamejengwa kwa mzizi wa Kibantu, yananyambulika, na yanamzuia msomaji asifikirie kwamba taa zote huwaka mara moja.

Kuhusu sehemu za mpango, tunapendekeza “duru” kwa kipindi kizima kutoka kijani hadi kijani tena. Neno “mzunguko” lingefaa, lakini limekwisha kuchukuliwa na makutano ya mviringo, na sentensi yenye mizunguko ya aina mbili humpoteza msomaji. Sehemu ya duru inayopewa kila upande iitwe “mgao”. Tofauti ya wakati kati ya taa moja na ifuatayo iitwe “pengo la kuanza”. Neno “mpishano” lina ladha nzuri, lakini barabarani kupishana ni magari mawili kupita ubavuni mwa mwenzake, na hatari ya kuchanganya ni kubwa.

Kundi la magari linaloachiwa na taa na kusafiri likiwa limekaribiana linahitaji jina pia. “Kikosi” na “platuni” ni ya jeshi. “Msafara” ndilo neno lenye historia, ila siku hizi msomaji husikia msafara wa kiongozi wenye ving’ora. Tunaona kwamba “msafara wa magari” linaweza kutumika mradi mwandishi alifafanue mara ya kwanza, au sivyo “fungu la magari” lichukue nafasi yake.

Rangi nazo zisipuuzwe. Kijani limetokana na jani, na manjano ni bizari ya jikoni. Hivyo taa zetu zina mizizi shambani na jikoni. Taa ya kati wengine huiita njano, wengine manjano, na wapo wanaopenda kaharabu ili kufuata lugha za Ulaya. Kwa kuwa dereva anayefanyiwa mtihani hujibu “njano”, hatuoni faida ya kumpelekea kaharabu.

7. Mwendo, kasi na mwendokasi

Limebaki neno lililo kiini cha jambo lote. Mwendo ni namna au kiasi cha kwenda, na huweza kuwa wa polepole au wa haraka. Kasi huegemea upande wa haraka: mtu aendaye “kwa kasi” haendi taratibu. Waandishi wa sayansi waliunganisha maneno hayo mawili wakapata mwendokasi kwa maana ya kipimo, bila kujali kama ni kikubwa au kidogo. Lakini katika taarifa za ajali, “mwendokasi” humaanisha kuzidisha mwendo. Kisha, tangu mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, “mwendokasi” limekuwa jina la basi. Leo mtu akisema “nimekuja na mwendokasi”, hakuna atakayemshitaki kwa kuvunja sheria.

Neno lenye maana tatu katika uwanja mmoja ni la hatari. Sentensi isemayo kwamba taa “hudhibiti mwendokasi” yaweza kueleweka kwamba zinaongoza mabasi. Ushauri wetu ni kwamba katika nyaraka za barabara kipimo kiitwe mwendo, kosa liitwe kuzidisha mwendo, na basi liachiwe jina ililopewa na abiria. Kikomo kiitwe “kikomo cha mwendo”. Kenya ilipowalazimisha wenye matatu kuanzia mwaka 2004 kufunga vifaa vya kuzuia gari lisizidi kilometa 80 kwa saa, wananchi waliviita kwa jina la Kiingereza lililotiwa sauti za Kiswahili, “spidi gavana”. “Kidhibiti mwendo” linaeleza kitu hichohicho bila kumchanganya mtu na gavana wa kaunti.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya maneno haya ina njia mbili. Njia moja inatoka chini: tuta, rasta, tochi, kiplefti na mataa ni kazi ya wakulima, makonda na madereva, nayo yameshika kwa sababu yanataja kinachoonekana. Njia ya pili inatoka juu, kutoka kwa wahandisi na sheria, na huko maneno hayana budi kutaja kisichoonekana: pengo la sekunde, mgao wa duru, mwendo uliopangwa. Kazi ya mwanaistilahi ni kuzikutanisha njia hizo bila kuipotosha hata moja.

Miji ya kusini inakua, na siku moja maofisa wa mipango wa Mtwara au Masasi watasoma kwa Kiswahili mwongozo wa kupanga taa zao. Maofisa hao wakisoma kwamba taa ziwake kwa pamoja, watajenga barabara inayomwalika dereva akimbie mbele ya shule na masoko. Wakisoma kwamba taa zipokezane kwa mwendo ulio ndani ya kikomo cha sheria, watajenga barabara inayomtuliza. Fundi wa umeme atafuata maandishi atakayopewa. Kwa sababu hiyo tunawaomba wafasiri, kabla ya kuandika neno lolote la uwanja huu, wachore makutano mawili kwenye karatasi, waweke umbali na sekunde, na walifuate gari kwa kidole toka taa moja hadi nyingine. Neno ambalo halimfikishi dereva kwa wakati kwenye karatasi halitamfikisha barabarani pia.